Kiprugut na Watoto Weupe wa Dachi

Kuanzia Rongai hadi stesheni ya Nakuru walimwita Kiprugut wa Mbwa, naye hakuwahi kulalamika. Wenzake waliitwa kwa majina ya baba zao. Yeye aliitwa kwa mbwa, tena mbwa wa watu. Ungemwona asubuhi kwenye barabara ya vumbi, amevaa koti kuukuu la jeshi lililokatwa mikono, na kando yake jike mweupe mwenye madoa meusi akikimbia shingo juu, ungeapa kwamba Kiprugut ndiye aliyekaa chini akampaka yale madoa moja moja kwa kidole. Maringo alikuwa nayo, hilo halifichiki. Lakini mtu aliyetunza kitu kikapendeza ana haki ya kuringa kidogo.

Mbwa huyo alikuwa wa Mama Farasi, mjane wa kizungu aliyelima ngano upande wa juu wa Rongai. Jina lake halisi halikumsumbua mtu yeyote. Alipanda farasi kila siku ya Mungu, mvua au jua, na hilo lilitosha kumpa jina. Kiprugut alikuwa saisi wake, mtu wa kulisha farasi na kuwapiga brashi, na kwa kazi hiyo aliruhusiwa kuchunga ng'ombe wake sita kwenye kona ya shamba na kujenga nyumba yake na mkewe Jelagat. Mwaka wa arobaini na tisa yule jike akaletwa kwa meli kutoka Uingereza, ndani ya sanduku la mbao, akiwa na jina refu la kifahari ambalo watu wa shamba walilikata likabaki Dachi. Mama Farasi alimkabidhi kwa Kiprugut siku ile ile, akampa na sheria zake.

"Hii mbwa hapana kula maini," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Hapana figo. Yeye nakula maini, mawe naingia ndani ya tumbo, yeye hapana weza kojoa. Wewe nasikia?"

"Nasikia, Memsabu."

"Maji siku yote. Na kukimbia! Hii mbwa baba yake nakimbia nyuma ya gari ya farasi. Kama hapana kimbia, yeye nakula kiatu."

Kiprugut aliondoka akitikisa kichwa. Mbwa asiyekula maini! Lakini kila kondoo alipochinjwa jikoni, maini ya Dachi yalikwenda kwa Kiprugut, na hapo sheria ile ikaanza kumwingia akilini vizuri sana. Mengine aliyajua mwenyewe. Alijua kwamba Dachi akikosa kukimbia siku moja, kweli kesho yake kiatu cha mtu kiliraruliwa. Alijua kwamba manyoya yale mafupi magumu yanapukutika mwaka mzima, yanajichoma kwenye nguo kama miiba na hayatoki, na kwamba dawa yake ni brashi ya farasi asubuhi na jioni. Jelagat aliyakuta manyoya kwenye uji, akayakuta kwenye blanketi, mara moja akayakuta ndani ya kibuyu kilichofunikwa vizuri cha mursik, maziwa yao ya kugandisha.

"Umeoa wake wawili," alimwambia mumewe. "Na huyu mwingine ndiye unachana nywele."

Basi mwaka wa hamsini na moja Dachi akaingia kwenye joto, akawa anataka dume, na Mama Farasi akaona wakati umefika wa kupata watoto. Kulikuwa na kapteni mmoja huko Gilgil aliyefuga dume wa aina ile ile. Dachi alipakiwa kwenye pikapu, akapelekwa, akarudishwa baada ya siku chache akiwa amechoka na mtulivu. Mama Farasi alimwita Kiprugut mbele ya banda la mbwa, akalishika komeo la mlango, akalitikisa.

"Sasa wewe nafunga. Joto bado hapana kwisha. Kama mbwa ya lain naingia hapa, wewe na ng'ombe yako yote nakwenda. Mimi hapana cheza."

Hakuwa akicheza, na Kiprugut alilijua hilo. Mwaka uliotangulia Mama Farasi alikuwa amemfukuza mtu aliyemchapa farasi usoni. Yule bwana aliondoka na mke, watoto na kuku, na hakuna shamba lililompokea mpaka Molo. Kwa hiyo Kiprugut alifunga. Alifunga akijaribu komeo mara mbili mbili, na akimpita mbwa wake mwenyewe njiani alimtupia donge la udongo ili aelewe mambo yalivyo. Mbwa wake huyo aliitwa Askari. Alikuwa mweupe kote, bila doa hata la dawa, na mkia wake ulipinda juu ya mgongo kama mkono wa kikombe.

Siku moja mchana Kiprugut alikuwa ndani ya banda akimwaga maji kwenye karai, Jelagat akaja mbio kutoka chini, leso mkononi.

"Ng'ombe mkubwa anazaa na amekwama! Miguu iko nje, kichwa hakiji!"

Mtu aliyelelewa na ng'ombe akisikia maneno hayo hafikirii komeo. Kiprugut aliruka, akashuka bonde lile hata kofia ikabaki nyuma, akavua koti, akaingiza mkono, akamgeuza ndama na kumvuta mpaka jasho likamwingia machoni. Akatoka ndama jike, mwekundu mwenye paji jeupe, akapumua. Kiprugut alikaa kwenye majani akacheka kwa furaha. Kisha akaukumbuka mlango.

Alipofika juu mlango ulikuwa wazi. Dachi alikuwa amelala kwenye majani makavu, na kando yake, amejinyoosha kama mwenye nyumba, alikuwa Askari.

Kiprugut hakumwambia mtu isipokuwa mkewe.

"Pengine alikuja kunywa maji tu," Jelagat alisema.

"Askari? Na mto uko pale chini?"

Siku chache baadaye Mama Farasi akapanda treni kwenda Mombasa kushika meli, dadake alikuwa mgonjwa huko Uingereza. Shamba aliliacha chini ya Obura, nyapara, mtu mkubwa wa umbo na wa maneno machache. Dirishani mwa treni Mama Farasi hakuzungumzia ngano wala farasi. Alimwinulia Kiprugut kidole tu, akasema, "Dachi." Miezi yote iliyofuata kidole hicho kilikaa mbele ya macho ya Kiprugut.

Dachi alizaa alfajiri moja ya baridi. Kiprugut alikuwepo, amepiga magoti, anawapokea mmoja mmoja na kuwafuta kwa gunia safi. Wanane, wote hai, wote wanene. Na wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, walikuwa weupe pe.

Kiprugut aliketi chini, gunia mkononi. Sasa mwelewe mtu huyu. Maisha yake yote alikuwa amewaona ndama wakizaliwa, na ndama mama yake akishamlamba akakauka, rangi yake ndiyo hiyo. Mwekundu ni mwekundu, wa madoa ni wa madoa, mpaka siku ngozi itakapotandikwa chini ilaliwe. Hakuna ndama aliyewahi kuzaliwa akiwa na rangi moja akakua na nyingine. Mtoto mweupe baba yake ni mweupe, na mweupe alikuwa pale nje ya ua akijikuna sikio.

Habari hazikungoja jua lipande. Lain nzima, safu yote ya nyumba za wafanyakazi, ilikuja kuchungulia, na maneno yakaanza.

"Askari sasa ni mkwe wa Mama Farasi!"

"Apewe tai avae!"

"Atakuwa anakunywa chai kwa veranda, wewe ngoja tu."

Kiprugut alicheka nao kwa meno. Obura alikuja mwisho, akainama, akatazama kwa muda.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi sitaki maneno na mtu. Lakini Memsabu akiniuliza, nitasema kile naona."

"Sema," Kiprugut akajibu. "Uko na macho."

Jioni alikuja Hiram, mpishi, rafiki yake wa tangu zamani, amejifuta mikono kwa aproni. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kiprugut, sikia. Uzao wa kwanza unakufa sana, hata wazungu wanajua hiyo. Mto uko pale. Memsabu akikuja, unamwambia walizaliwa wagonjwa. Nani atabishana?"

"Mali ya mtu haitupwi mtoni."

"Mali gani hii? Hii ni watoto ya Askari!"

Hapo Kiprugut alikasirika kweli, akasimama. "Kwetu fahali wa jirani akiruka ua akampanda ng'ombe wangu, ndama ni wangu. Hakuna kesi. Mwenye mama ndiye mwenye mtoto. Dachi ni wa nani? Ni wa Memsabu. Basi hawa wanane ni wake, wakiwa weupe, wakiwa weusi, hata wakiwa na pembe. Nikitupa mmoja nimeiba mfugo."

"Na akikufukuza?"

"Nitafukuzwa nikiwa Kiprugut."

Maneno hayo yalikuwa matamu kuyasema. Kuyaishi usiku na mchana ilikuwa kazi nyingine. Aliwaza ng'ombe sita watembezwe wapi. Alimwaza yule ndama mwekundu, ambaye alimpenda na kumlaumu kwa wakati mmoja. Lakini kazi hakuiacha hata kidogo, na nadhani hasira ndiyo iliyomsukuma. Kama angefukuzwa, angefukuzwa akiwaacha mbwa ambao hakuna mtu angeweza kuwatia dosari. Alibadilisha majani kila asubuhi. Alimpikia Dachi ugali laini na nyama ya kondoo iliyokatwakatwa, bila kipande cha ini. Mdogo kuliko wote aliyesukumwa na wenzake alimshika mkononi na kumwekea chuchu mdomoni mpaka ashibe. Maziwa ya nyongeza yalitoka kwa ng'ombe wake mwenyewe, yule yule aliyezua kesi. Jelagat alinung'unika siku ya kwanza; ya pili alikuwa akiyaleta yeye.

Watoto wakafumbua macho. Asubuhi moja Kiprugut aliokota mmoja, akaona mgongoni vumbi la kijivu. Akapuliza. Halikuruka. Akachukua wa pili: vumbi lile lile, na sikioni alama nyeusi kama ya kidole. Wa tatu vivyo hivyo. Alisimama pale, damu ikapanda kichwani, akatelemka mbio mpaka nyumbani na mtoto mmoja ndani ya koti.

"Jelagat! Umewafanya nini watoto wa watu?"

Jelagat alikuwa akisugua sufuria. "Nimewafanya nini?"

"Umewapaka masizi! Unafikiri Memsabu ni kipofu? Mvua moja tu na uongo wote uko chini! Mimi nimekataa kuficha, na wewe unanipakia mbwa rangi?"

"Mimi?" Jelagat aliinuka, mikono yote miwili myeusi kwa masizi, jambo ambalo halikumsaidia. "Niende nipake mbwa, mimi mke wako? Lete hapa."

Alimnyang'anya yule mtoto, akaweka maji ya moto kidogo kwenye karai, akanawa mikono kwanza, akachukua kipande cha sabuni. Alimsugua taratibu karibu na moto, mtoto akilia kwa hasira ya haki. Povu likajaa. Akamsuuza, akamkausha kwa leso yake. Madoa yalikuwa pale pale. Tena sasa, manyoya yakiwa yamelowa na kulala, weusi ulionekana ndani kabisa, kwenye ngozi, na chini ya tumbo kulikuwa na mengine ambayo hayajatokeza.

Waliangaliana. Kiprugut alimgeuza mtoto huku na huku. Akamwaza Dachi, akamwaza yule dume wa Gilgil.

"Yanaota," alisema polepole. "Jelagat, madoa yanaota! Kama ndevu!"

Jelagat alicheka hata akakaa chini. Kiprugut hakukaa. Alitoka kichwa wazi, mtoto juu mkononi, akapita lain akipiga kelele ambazo hazijawahi kusikika tangu vita viishe: "Madoa! Imetoka! Kujeni muone madoa!" Watu walitoka na vijiko mkononi. Wale waliomwagizia Askari tai walisukumana mstari wa mbele. Obura aliinama kama alivyoinama siku ile, akalowesha kidole kwa mate, akasugua doa la sikioni, akatazama kidole chake. Kilikuwa safi. Nyapara yule wa maneno machache akacheka kicheko kikubwa kilichowashtua hata farasi.

"Hiyo nitasema pia," alisema. "Naona madoa."

Siku ile kibuyu cha mursik kilizunguka lain nzima, na Kiprugut alipokelewa kama mtu aliyerudi safari ndefu. Kila siku madoa yaliongezeka. Aliwabeba watoto juani awatazame, na akawa anawaonyesha wapita njia hata wasioomba. Watoto saba.

Wa nane alibaki mweupe.

Kiprugut alimngoja. Alimpuliza manyoya kila asubuhi, alimlowesha tumbo, alimgeuza kwenye mwanga. Hakuna kitu. Kisha wiki moja mkia ukaanza kujikunja kuelekea mgongoni, mdogo, nadhifu, kama mkono wa kikombe cha mtoto. Hapo hapakubaki la kusubiri. Saba walikuwa wa kapteni wa Gilgil, na mmoja alikuwa wa Askari, na mlango uliachwa wazi kama ulivyoachwa.

Habari zikaja kwamba Mama Farasi ameshuka Mombasa na yuko njiani. Hiram alikuja tena, safari hii bila ndoo, alisimama tu.

"Huyu mmoja nipe mimi. Simtupi mahali. Dada yangu Wangeci yuko Njoro, anapenda mbwa. Saba wanatosha, na Obura hatauliza wa nane ako wapi. Atakula vizuri, Kiprugut. Hakuna dhambi hapo."

Lilikuwa shauri jema kutoka kwa mtu mwema, na ndiyo sababu lilimpata. Kiprugut alimweka yule mtoto ndani ya koti, akatembea na Hiram mpaka karibu na geti. Mtoto alilala. Upande wa chini alimwona ndama wake mwekundu akinyonya, na akakumbuka jinsi alivyomwambia huyu huyu Hiram habari ya mwenye mama na mwenye mtoto. Ilikuwa rahisi kuisema sheria hiyo alipodhani watoto wote wameharibika. Sasa alikuwa na saba wa kumwokoa, na kilichomzuia kuokoka ni kitu kidogo chenye joto kifuani mwake.

"Rudi jikoni, Hiram," alisema. "Huyu pia ana mwenyewe."

Asubuhi ya treni Jelagat alianza kufunga mizigo. Alishusha vibuyu ukutani, akakunja blanketi, akafunga sufuria ndani ya leso kubwa, mizigo mitatu, akaipanga mlangoni. Kama ni kuondoka, aliona afadhali waondoke wamejipanga.

Mama Farasi alifika na vumbi la safari, hakuingia hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani. Dachi alimrukia. Kisha watoto wakatoka, wakibiringika, wenye miguu minene na matumbo ya duara, madoa kila mahali, na Mama Farasi akashika mdomo wake kwa mikono miwili. Alipiga magoti na sketi yake nzuri. "Hapana moja kufa?" aliuliza. "Yote nane?"

"Yote nane, Memsabu."

Na wa nane akaja, mweupe pe, mkia umejikunja, akauma kamba ya kiatu cha yule mjane.

Mama Farasi aliinamisha kichwa. Alitazama ule mkia. Akainua macho, akamtazama Askari, aliyekuwa amekaa nje ya ua akitikisa mkia wake uliojikunja, bila aibu. Obura alitazama mbali. Hiram, kwenye mlango wa jikoni, alifumba macho.

"Kiprugut. Mlango?"

"Niliuacha, Memsabu. Ng'ombe yangu ilikuwa inazaa, ndama imekwama. Nilikimbia. Nilirudi nikakuta Askari ndani."

"Kwa nini hapana tupa hii? Mimi hapana jua hata kidogo."

Kiprugut alisimama wima. "Hakuwa wangu nimtupe. Kwetu mwenye mama ndiye mwenye mtoto, hata baba akiwa wa jirani. Wote nane ni wako. Mimi nilikosa mlango. Watoto sikukosa."

Yule mjane alimkuna yule mweupe chini ya kidevu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Kiprugut alidhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya banda.

"Na ndama?" aliuliza alipopata pumzi. "Yeye nazaliwa?"

"Alizaliwa. Jike. Mwekundu."

"Basi." Alimwokota mtoto mweupe, akamtia mikononi mwa Kiprugut. "Mimi ni mwenyewe, mimi natoa. Hii peleka kwa baba yake. Na wewe nafunga mlango!"

Kiprugut alishuka bonde lile akitembea, kwa sababu alitaka lain yote imwone, na iliona. Walimpigia vigelegele kutoka nyumba hadi nyumba. Askari alitangulia kama aliyeshinda kesi yeye. Jelagat alikuwa amesimama mlangoni kati ya mizigo yake mitatu, mikono kifuani, hathubutu kumsoma uso kutoka mbali.

Kiprugut alifika. Alimtoa mtoto kwenye koti, akamkalisha juu ya mzigo mkubwa kuliko yote, na yule mtoto akaanza kutafuna fundo la leso.

"Ona," alisema Kiprugut, sauti ikimkatika kwa furaha. "Hata yeye anakuambia ufungue."